"Kichwa cha sogeza": istilahi yenye walakini

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na jina "gari la moshi" likadumu hata baada ya mvuke kuipisha dizeli. Hatuna ugomvi nalo. Tunalolitilia shaka sisi wa Nyakato ni "kichwa cha sogeza", waitavyo katika nyaraka za reli kichwa kidogo cha dizeli kipangacho mabehewa stesheni. Kisarufi, kitenzi kikifuata a-unganifu huchukua ku-. Twasema kisu cha kukatia, si kisu cha kata. Basi ingefaa "cha kusogezea". Hilo ni dogo. Kubwa ni maana: viko vichwa vidogo vilivyoundwa kwa kazi zote mbili, kupanga mabehewa na kuvuta treni safarini. Treni ya abiria wa mjini, mfano wa ile iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2012, yaweza kuvutwa na kichwa cha aina hiyo. Mfasiri akikiandika "cha sogeza", ofisa wa ununuzi ataelewa kwamba hakitoki stesheni, naye atakikataa au atakinunua kwa kazi isiyo yake. Twapendekeza "kichwa cha kazi mbili". Atakayelalamikia urefu akumbuke kwamba "kichwa cha njia kuu" si kifupi zaidi, na kimekubalika.