Isale na Mashine ya Kugundua Uongo

Katika vihamba vya migomba na kahawa vya miteremko ya Meru, kama kwa majirani zetu wa Kilimanjaro, isale ni mpaka kabla ya kuwa pambo. Kwa Wachagga, jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kumwomba radhi, naye aliyeletewa hatarajiwi kulikataa. Kwa hiyo msomaji wa huku akifungua kitabu cha Peter Tompkins na Christopher Bird, The Secret Life of Plants, kilichotoka mwaka 1973, atakutana na mmea anaoujua.

Sura ya kwanza inamhusu Cleve Backster, mtaalamu wa mashine za kugundua uongo wa New York. Mwezi Februari 1966 aliifunga mashine yake kwenye jani la dracaena, jamii ileile ya isale. Alidai kwamba alipowaza tu kulichoma moto, kalamu ya mashine iliruka. Kutokana na mruko huo, waandishi wanatufikisha mbali: mimea husoma mawazo yetu.

Kitabu kimeandikwa kwa ufasaha, na hiyo ndiyo hatari yake. Mashine ile hupima tu jinsi umeme unavyopita juani mwa jani. Unyevu ukibadilika au waya ukilegea, kalamu huruka vilevile. Baadaye Backster alidai kwamba mimea hushtuka viumbe wadogo wa majini wanapouawa katika maji ya moto. Mwaka 1975 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza kwamba walilirudia jaribio hilo kwa uangalifu na hawakuona kitu. Na mimea iliponyamaza mbele ya mtaalamu mmoja aliyezoea kuichoma kwa utafiti, Backster alisema imezirai. Hoja isiyoweza kushindwa kwa namna yoyote haijathibitisha lolote.

Sura bora ni ile ya Jagadish Chandra Bose wa Calcutta, maana yeye alipima kweli. Umeme wa mimea si hadithi. Mwaka 1873 John Burdon-Sanderson aliupima Uingereza katika mmea unaonasa wadudu. Hata kifauongo wa njiani ni shahidi. Ukimgusa, kalisiamu huingia katika seli, kloraidi na potasiamu hutoka, na ishara husafiri sentimita chache kwa sekunde; katika mishipa yetu ya fahamu iliyo na kasi zaidi, ishara hufika mita 100 hivi kwa sekunde. Seli za shina la jani hupoteza maji, na jani hulala. Mwaka 1952 Hodgkin na Huxley waliandika hesabu za ishara ya namna hiyo katika mshipa wa ngisi, na wengine wakazirekebisha zifae mimea. Uzuri wa hesabu hizo ni kwamba hutaja tarakimu kabla ya jaribio. Tarakimu isipotokea, hesabu imekosea.

Jambo hili si la maktaba tu. Watafiti wanajaribu kuisoma kiu ya mmea kwa waya kabla jani halijanyauka. Ufundi huo ukifika Tengeru, mkulima atafungua mfereji kwa kufuata mstari wa grafu, na maji ya mfereji yana zamu. Akiusoma mstari kama Backster, akaona kilio cha nyanya mahali penye waya uliolegea, atakuwa amechukua maji ya jirani wa chini kwa sababu ya uongo.

Tompkins na Bird walidhani kwamba mmea hauna heshima mpaka upewe moyo wa binadamu. Wazee waliobeba isale hawakuhitaji jani lihisi chochote. Walijua kwamba mwenye kuumia ni jirani, na wakalipeleka kwake.