Super Matimila na Kosa la 1992

Weka tena ile albamu ya Mambo, iliyotolewa na lebo ya Real World mwaka 1992, uende moja kwa moja kwenye One World. Gitaa zinaingia kwa adabu, kila moja na njia yake, na besi inashika ardhi. Kisha Remmy Ongala anafungua kinywa, na kinachotoka ni Kiingereza. Hapo ndipo bendi yake, Super Matimila, iliyochukua zaidi ya miaka kumi kujijenga, ilipojikwaa, na haikusukumwa na mtu. No Money, No Life inafuata mkondo uleule, na I Want to Go Home vilevile. Wapenzi wa Remmy wamekuwa wakiupita uamuzi huu kimyakimya kwa heshima ya marehemu. Heshima yake naijua, lakini kosa ni kosa, na hili lilimgusa pale palipokuwa na nguvu zake zote, yaani katika maneno.

Tuanze na silabi, kwa sababu ubishi huu huwa unageuzwa kuwa wa uzalendo wakati kwanza ni wa mapigo. Neno la Kiswahili huishia kwenye irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno alilolipenda kuliko yote, mnyonge: sauti inapanda kwenye «nyo», kisha inateremka kwenye «nge» na kubaki wazi, na katika uwazi huo gitaa la rithimu linapata pa kuingia. Muziki wa dansi wa Dar es Salaam umejengwa juu ya mlango huo. Sasa chukua «world». Ni silabi moja tu, imefungwa kwa konsonanti zinazofuatana, na mwimbaji aliyekulia kwenye irabu ana njia mbili: aikate fupi, aache shimo kwenye mstari, au aivute mpaka ipoteze umbo. Remmy anafanya yote mawili, na kila mara gitaa linafika mlangoni na kukuta umefungwa. Wapigaji hawakukosea. Wanapiga ileile sebene wanayoijua, ila mwimbaji amehama nyumba.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye masimulizi. Remmy hakuwa na sauti tamu ya Marijani Rajab wala wepesi wa Mbaraka Mwinshehe, na hakuhitaji. Yeye alikuwa mzungumzaji: anatoa kisa, anauliza swali, anamgeukia msikilizaji na kumsuta, anarudi kwenye kisa, na gitaa zinamsubiri kama watu wa barazani wanaojua mzee hajamaliza. Sebene ikija, imelipiwa. Mwenyewe aliuita muziki wake ubongo, kwa kuwa alitaka uingie kichwani kabla ya kushuka miguuni. Kwa Kiingereza hana kisa wala vijembe. Anabaki na kauli za jumla ambazo angeweza kuzisema mtu yeyote jukwaani popote duniani, na sebene inaingia kabla hatujapewa sababu ya kuihitaji. Ushahidi haupo mbali: wimbo wa Mrema, uliobeba jina la Augustine Mrema, waziri wa wakati huo, umo kwenye albamu hiyohiyo, na bendi ni ileile. Humo Remmy yupo mzima. Kilichobadilika ni lugha tu.

Safari yenyewe wasomaji wanaijua. Mzaliwa wa Kindu, 1947, alifika Dar mwaka 1978 kwa mjomba wake Mzee Makassy, na bendi ya Makassy ilipohamia Nairobi, yeye akabaki na kuishika Matimila mpaka ikawa Super Matimila. Batii Osenga na wenzake wa magitaa walifanya kazi safi. Songs for the Poor Man ya 1989 ndiyo kilele: jina la Kiingereza juu ya jalada, Kiswahili ndani, na humo kuna Muziki Asili Yake Wapi, swali ambalo miaka mitatu baadaye bendi hiyohiyo ililisahau.

Najua watakaonijibu kwamba soko la Ulaya lilidai. Lilidai wapi? Lebo hiyohiyo ilimtoa Nusrat Fateh Ali Khan bila kumwomba aiache lugha yake, na wasikilizaji wa Uingereza walimfuata. Makassy wenyewe walitoa Agwaya kwa Virgin mwaka 1982 na hawakujitafsiri. Wengine watasema Remmy alitaka ujumbe wake ufike mbali. Hoja hii ina uzito, maana huyu ndiye mtu wa Mambo kwa Soksi, wimbo ambao redio ya taifa ilikataa kuupiga na bado wananchi wakaujua. Lakini wimbo huo ndio unaonipa haki: ulisambaa bila redio kwa sababu kila kejeli yake ilieleweka mtaani. Ujumbe unaofika mbali ukiwa umepungua nusu haujafika. Wa tatu watamtaja Fela na Kiingereza chake. Fela aliimba pijini ya Lagos, lugha ya wasikilizaji wake mwenyewe. Kwa kipimo hicho Remmy alipaswa kubaki pale alipokuwa. Ugonjwa huu haukuishia kwake. Mwaka 1995 Papa Wemba, kwenye lebo hiyohiyo, alituletea Emotion na wimbo wa Otis Redding ndani yake, na hilo nalo sijalisamehe.

Sisi wa Lubumbashi, awe mtu wa mtaa wa Golf au wa Katuba, tuna kipimo chetu cha jambo hili, na ni kikali. Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Kidole gumba kwenye besi, cha shahada juu ya nyuzi nyembamba, na Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa. Hakumrahisishia mtu. Wataalamu wa Ulaya ndio waliokaa chini kuunakili wimbo wake wa Masanga noti kwa noti, na mwaka 1969 akaalikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Yeye hakwenda kwa lugha ya wenyeji wake, wao ndio waliomjia.

Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy, na waliokipa jina hilo hawakulipata kwenye One World.