Sifa za Ufundi wa Kukopa Sauti

Wako watu, tena wenye elimu na insafu katika mambo mengine, wasemao kuwa kijana akaaye mbele ya kompyuta, akachukua kipande cha muziki uliopigwa na mtu mwingine kabla yeye hajazaliwa, akakikatakata na kukipanga upya juu ya mdundo wake, kisha akatia juu yake maneno ya kughani, huyo hakufanya kazi yoyote ila ameiba. Na neno hili nimelisikia hata katika mabaraza ya Majengo, mahali ambapo kwa hakika halistahili kabisa kusemwa, kwani sijui mji mwingine wa pwani hii uliozijenga furaha zake kwa kukopa sauti za wageni kwa ustadi kuushinda mji wa Mombasa.

Ushahidi wa kwanza ni beni. Katika miaka ya 1890 watu wa Mombasa na Lamu walizisikia bendi za kijeshi za Wazungu, wakayapenda matarumbeta yao na hatua zao za gwaride, nao hawakungoja kupewa ruhusa: waliyachukua hayo wakayaingiza katika ngoma zao za mashindano, zikazuka pande kama Kingi na Sikochi, hii ya pili ikijigamba kwa mavazi ya Kiskoti, na mtaa mzima ukatoka kutazama ni nani atakayemshinda mwenzake kwa fahari. Na karibu na wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, katika mji wa New Orleans, watoto na wajukuu wa watumwa walikuwa wakizichukua ala za bendi za namna hiyo hiyo na kuzifunza kusema lugha yao wenyewe, na humo ikazaliwa jazi. Sidai kwamba beni na jazi ni ndugu wa tumbo moja. Nadai tu kwamba mtu wa Mombasa asikiapo habari za jazi na za hip hop iliyokulia mapajani mwake, hasikii habari ngeni.

Lakini aliyeufikisha ufundi huu kileleni katika mji wetu ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye sauti yake haijatoka bado katika maarusi yetu wala katika masikio ya watu wa rika langu. Zamani hizo filamu za Kihindi zilikuwa zikioneshwa katika sinema za Regal na Naaz, na watu walitoka sinema na lahani vinywani. Juma Bhalo akazitwaa lahani hizo, akazipigia kinanda na tabla, na mahali pa maneno ya Kihindi akatia tungo za Kiswahili, nyingi zikitoka kwa Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtungaji wa Malenga wa Mvita. Asiyejua mambo haya hudhani ni kazi nyepesi, na ningependa tuitazame kwa karibu. Wimbo wa Kiswahili aghalabu una mishororo mitatu, kila mshororo una mizani 16 iliyokatwa nane kwa nane, na vina havina budi kutua mahali pake. Lahani ya filamu haikutungwa kwa ajili ya hesabu hiyo, bali hukimbia inapotaka na mara hukaa ikazunguka juu ya irabu moja kama ndege juu ya minazi. Mtungaji alipaswa kupima wapi neno livutwe na wapi libanwe, ili mkazo wa neno, ambao katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, usiangukie mahali pa aibu. Na mwimbaji naye alipaswa kuyachukua yote mawili, adabu ya shairi na ulaini wa lahani, bila moja kumdhulumu mwenziwe. Bahati nzuri silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ndiyo maskani ya sauti ndefu. Kwa hiyo msikilizaji alipata ladha mbili kwa mpigo mmoja: aliikumbuka filamu na nyota wake, na wakati ule ule alipigwa moyoni na fumbo la Kimvita ambalo Bombay nzima isingeweza kulifumbua.

Haya yote yamehifadhiwa katika santuri zenye chapa ya Mzuri na katika kaseti za Mbwana Radio Service, na mtu mwenye subira angeweza kuyasoma humo kama asomavyo diwani.

Sasa kijana wa leo ana tofauti moja kubwa na Juma Bhalo, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Juma Bhalo alichukua lahani, akaipiga upya kwa mikono yake na koo lake. Kijana wa sampo huchukua sauti yenyewe, pamoja na pumzi ya aliyeipiga, mwangwi wa chumba ilimopigwa, na mchakacho wa vumbi la santuri. Hii ni amana nzito zaidi, na ustadi wake ni wa namna nyingine. Nitatoa mfano mmoja tu, kwa kuwa naupenda kuliko yote. Mwaka 1967 mpiga saksafoni wa California, Tom Scott, alirekodi wimbo uitwao Today, ambao yeye mwenyewe aliupokea kutoka kwa kundi la roki la Jefferson Airplane. Robo karne baadaye, mwaka 1992, Pete Rock, mtengenezaji wa biti wa New York, alitaka kumlilia Troy Dixon, rafiki aliyefariki mwaka 1990. Akakiona katika santuri ile kipande kifupi cha saksafoni, ambacho wasikilizaji wengi walikipita bila kugeuka, akakifanya kilio kinachorudi na kurudi chini ya maneno ya mghani mwenzake, C.L. Smooth, naye C.L. Smooth akahesabu jamaa zake, waliokufa na walio hai, kama afanyavyo mtunga marthiya wetu.

Tena mashine za sampo za zama hizo hazikuwa na huruma. SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na kumbukumbu ya sekunde 10 tu kwa jumla, hata mafundi wakawa wakiizungusha santuri kwa kasi ya 45 badala ya 33 ili sauti iingie kwa ufupi, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine; na kule kupunguzwa kukaitia sauti ukwaru ambao leo watu wanautafuta kwa gharama. Mwenye sekunde 10 hawezi kuwa mzembe. Hulazimika kuusikiliza muziki wa wenzake kwa makini ambayo huenda wenyewe hawakuwahi kuusikiliza nayo, na makini hayo ndiyo kazi. Vidole huja baadaye.

Wala wana jazi hawana haki ya kununa, maadamu Charlie Parker naye aliijenga Ornithology juu ya mifuatano ya sauti ya wimbo wa watu wengine, How High the Moon. Wengi wao hawakununa. Ron Carter, mpiga besi aliyekuwa na Miles Davis, alikwenda studio mwaka 1991 kuwapigia vijana wa kundi la hip hop la A Tribe Called Quest, na yasimuliwa kuwa sharti lake lilikuwa vijana wasitumie matusi. Naliona sharti hilo kuwa zuri kupita malipo yoyote, kwani ndivyo mzee anavyostahili kuingia katika nyumba ya wanawe.

Imebaki haki ya mwenye mali. Mwaka 2002 mwimbaji wa Marekani, Truth Hurts, alitoa wimbo Addictive uliojengwa juu ya sauti ya Lata Mangeshkar, kutoka filamu ya Jyoti ya mwaka 1981, na jina la Bappi Lahiri, mtunzi wa lahani, halikutajwa. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2003 mahakama ikazuia sahani isiuzwe bila jina lake. Mimi naiunga mkono hukumu hiyo, na naiona ikituelekea sisi pia. Ni kweli kwamba katika Mombasa ya Juma Bhalo hapakuwa na siri, kwani kila mtu ukumbini alikuwa ameiona filamu. Lakini watunzi wa Bombay walistahili kuandikwa majina, na ambaye leo anachukua sekunde nne za udi wa Zein l'Abdin, fundi aliyetoka Lamu akaishi nasi Mombasa, basi na aandike Zein l'Abdin, kwa herufi zinazosomeka.

Nilimwona kijana wa Majengo akifanya kazi hiyo hiyo, katika chumba kidogo upande wa King'orani, na pamoja naye alikuwapo mzee mmoja aliyepiga dumbaki katika maarusi kwa miaka mingi. Kijana alikuwa ameitoa taksimu ya udi kutoka kaseti kuukuu, na taksimu, kama ijulikanavyo, haina mdundo, hupumua ipendavyo. Yeye alikuwa ameikata ili ianze sawasawa na pigo la kwanza la biti. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa.

“Mwanangu, hapa umemkata kauli.”

“Wapi, mzee?”

“Kabla ya hapo. Pale anapougusa uzi, haujalia bado.”

Kijana akarudi katika kaseti, akakitafuta kile kigusio kidogo ambacho alikitupa kwa kudhani ni kelele, akakirudisha, na udi ukawa unatangulia nukta chache na mdundo unaufuata nyuma. Mzee akaomba arudishiwe tangu mwanzo. Safari hii akawa anapiga kwa vidole juu ya meza, akitia mapigo ambayo hayakuwamo katika biti wala katika kaseti, na kijana akanyoosha mkono akawasha maikrofoni.