Saidjah Hana Daftari

Nilimaliza kusoma Max Havelaar saa tisa usiku, mikono ikinitetemeka kwa vikombe vinne vya kahawa. Nimekulia Kilimanjaro, kwenye shamba la mibuni iliyopandwa chini ya migomba, lakini kahawa nilianza kuinywa chuoni. Nyumbani kwa babu tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Haikuwa kinywaji.

Labda ndiyo maana riwaya hii ya mwaka 1860 ilinigusa na kuniudhi kwa pamoja. Mwandishi wake, Multatuli, jina halisi Eduard Douwes Dekker, anaanza kwa kutukutanisha na Batavus Droogstoppel, dalali wa kahawa wa Amsterdam, mcha Mungu wa mdomoni, anayeamini kuwa mashairi ni uongo. Droogstoppel anataka kitabu kuhusu minada ya kahawa. Anachopata, kupitia Stern, kijana wa ofisini kwake, ni habari za Havelaar, ofisa wa Kiholanzi huko Lebak, Java, anayejaribu kuwatetea wakulima na kushindwa. Dekker mwenyewe alikuwa ofisa huko mwaka 1856, akajiuzulu.

Kejeli yake bado inakata. Droogstoppel hampigi mtu. Anapiga hesabu tu, wala hajiulizi faida yake inalipwa na nani.

Cha ajabu, kahawa yenyewe karibu haionekani. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Saidjah, ambaye nyati wa kulimia wa baba yake wananyang'anywa na mkuu wa wilaya, na Adinda, mchumba wake. Wote wawili wanakufa. Nililia. Kisha nikajiuliza: mbona mkulima humu anajua kupenda, kuimba na kufa tu? Hesabu kaachiwa dalali, hasira kaachiwa ofisa.

Babu yangu alikuwa na daftari. Kila gunia alilopeleka chama cha msingi aliliandika: tarehe, kilo, malipo ya kwanza, na malipo ya pili ambayo mara nyingine hayakuja. Mwaka 1989, mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliposimamishwa, bei ziliporomoka. Kwenye daftari namba zinapungua mwaka hadi mwaka, mpaka kurasa zinabaki tupu. Hakuandika neno la kulalamika.

Mwisho wa riwaya Multatuli anashika kalamu mwenyewe, anamfukuza Droogstoppel na kumtakia apaliwe na kahawa. Nilishangilia. Lakini mwaka 1988, Uholanzi ilipoanza kuuza kahawa yenye alama ya biashara ya haki, jina lililowekwa kwenye pakiti lilikuwa la Havelaar. La ofisa, si la Saidjah. Nadhani kosa hilo lilianzia kitabuni.

Kisome hata hivyo, kwa kuwa wachache wamemwanika dalali namna hii. Mimi nasubiri riwaya ambayo Saidjah ana daftari, na dalali analazimika kulisoma.