Ganzi ubavuni, kidonda juu ya kitovu

Mliotazama rekodi ya upasuaji ule wa utumbo mpana mtakubali kwamba mpasuaji alifanya kazi safi: matundu madogo, damu kidogo, utumbo ukaunganishwa bila papara. Hapo sina neno. Ninalo kwa mtaalamu wa usingizi, maana ganzi ile ilichomwa mahali pasipostahili.

Kumbukeni mpango wa asubuhi. Kipande cha utumbo chenye uvimbe kilikuwa kitolewe chini, kwa mkato wa mlalo juu kidogo ya kinena. Kwa mkato huo, TAP (ganzi ya neva za ukuta wa tumbo) ya ubavuni, kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, inatosha kabisa. Lakini katikati ya kazi mpasuaji akaona uvimbe hautashuka, akasema wazi kwamba anautolea juu ya kitovu. Akakata kama sentimita sita, kuanzia kitovuni kwenda juu. Sote tuliona. Mtaalamu wa usingizi naye aliona, alikuwa amesimama kichwani kwa mgonjwa. Kidonda kiliposhonwa akachukua ultrasaundi, akaiweka ubavuni vilevile alivyopanga, akaingiza mililita 20 kulia na 20 kushoto.

Kitovu ni eneo la neva ya uti wa mgongo iitwayo T10. Ukipanda unakuta T9, kisha T8. TAP ya ubavuni, hata ichomwe na fundi wa mafundi, hufika T10 kwa taabu. Nguvu yake iko chini ya hapo. Mkato ule ulidai TAP ya chini ya mbavu, ile inayofuata ukingo wa mbavu, ambayo daktari Hebbard aliieleza tangu 2008. Kwenye skrini dawa ilitanda vizuri, misuli ikaachana kama vitabuni, na nadhani picha hiyo nzuri ndiyo iliyomridhisha. Ngozi iliyokatwa haikupata kitu.

Kibaya zaidi, kosa hilo lilifunga njia ya kulirekebisha. Bupivakeini ya asilimia 0.25 aliyoitumia ina miligramu 2.5 katika kila mililita, kwa hiyo mililita 40 ni miligramu 100. Mgonjwa, mkulima wa korosho kutoka Namasakata, alikuwa na kilo 50. Kwa kiwango cha miligramu 2 kwa kilo, fungu lake lote lilikwisha pale ubavuni. Alipoanza kugumia wodini, nani angethubutu kumwongezea ganzi? Akapewa petidini, kisha petidini tena, na utumbo ukazubaa. Tunahangaika na matundu madogo ili mtu aamke, atembee, ale na apate choo mapema, halafu tunamrudisha kitandani kwa dawa ya kulevya.

Nimeshaandika kwenye safu hii na nitaandika tena: ultrasaundi imeanza kufikiri badala yetu. Daktari Rafi alipoeleza njia ya TAP mwaka 2001 hakuwa na ultrasaundi. Alipapasa pembetatu ya Petit juu ya nyonga na kuihisi sindano ikipenya. Anayetegemea vidole hana budi kujua neva ipi inaishia wapi. Wazee wa usingizi wa hospitali zetu za misheni, waliovusha wagonjwa kwa ketamini huku kidole kikiwa kwenye mapigo ya mkono, walianza kwa kutazama kidonda. Daktari Kehlet wa Denmark naye ametumia miaka mingi kufundisha kwamba maumivu hayatulizwi kwa dawa moja. TAP haigusi maumivu ya utumbo wenyewe, inashughulika na ukuta wa tumbo tu; ndiyo maana parasetamo ya saa maalumu si pambo. Mwongozo wa PROSPECT wa kutuliza maumivu ya upasuaji huu unapendekeza ganzi ya kidonda inayochomwa na mpasuaji mwenyewe, jambo lisilohitaji mashine yoyote. Vijana wetu wanaliona la kizamani.

Na huyu ni mtu wa Namasakata. Akifika kwake, ng'ambo ya Namtumbo na Tunduru, hana kengele ya kumwita muuguzi usiku.

Mpasuaji alipobadili mkato, mtaalamu wa usingizi alitakiwa kubadili hesabu papo hapo: mililita 15 chini ya mbavu kila upande, jumla miligramu 75. Zingebaki mililita 10 za dawa ileile, miligramu 25, za kumkabidhi mpasuaji azichome kingoni mwa kidonda kabla hajaanza kushona.