Fundi wa Moto na Maji

Nahodha wa Kudhaa, kwenye visiwa vya Wabajuni kusini mwa Somalia, anaweza kuvumilia kusi, mawimbi na njaa, lakini "tik" humtoa jasho. Barafu imeshamwagwa juu ya samaki, maji yanatoka, na mashua isipoondoka sasa italala mchangani mpaka jioni. Ufunguo unazungushwa: tik. Unazungushwa tena: tik. Injini haizunguki hata kidogo. Hapo nahodha hapandishi sauti. Humgeukia mtoto aliye karibu na kumwambia, "Kimbia, kamwite fundi."

Huyo anayeitwa ndiye ninayetaka kumsifu. Manahodha tumewasifu vya kutosha, na wanastahili: anayeshuka kutoka Kismayo kupitia Koyama, Ngumi, Chovai na Chula mpaka upande wa Ras Kamboni lazima ajue kila mlango wa maji uliopo kati ya miamba. Lakini siku hizi mwenye kujua njia zote za bahari bado anamtegemea mtu mwingine, ajuaye njia zilizomo ndani ya chuma.

Siku niliyomtazama akifanya kazi, mashine yenyewe ilikuwa ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, na kifuniko chake kimepauka hata jina la kiwanda halisomeki. Fundi alikuja na mkoba wa gunia, akauweka chini bila kuufungua.

"Jana ilizimwaje?"

Kijana wa mashua alijibu kwa hamaki. "Ilizimwa vizuri, ami. Stata ndiyo imekufa. Tuitoe tu, tutafute nyingine."

Mzee akamtazama. "Usimzike mtu kwa sababu hakuitika."

Kwanza aliigusa gia. Nyingi za mashine hizi hazikubali kuwaka zikiwa kwenye gia, na fundi mzima anaweza kufungua nusu ya injini kabla hajatambua kuwa mtoto aliyekuwa akicheza tezini ndiye aliyeisukuma. Gia ilikuwa huru. Akahamia kwenye betri. Betri nzima iliyojaa hupima kama volti 12.6 ikiwa imetulia, na ikishuka chini ya 10 wakati stata inavuta, kuna jambo. Yeye mita hana. Ana balbu ndogo ya taa yenye nyaya mbili. Akaigusisha kwenye vichwa vya betri, akamwambia kijana azungushe ufunguo. Tik. Balbu ikabaki inang'aa vilevile.

Kwa macho yangu hapakuwa na lolote lililotokea. Kwake yeye, shahidi alikuwa ameshasema. Balbu ingefifia mpaka kuzimika, ama betri ingekuwa dhaifu, ama kitu kingekuwa kimekwama na kuumeza moto wote. Ilipoendelea kung'aa, maana yake betri haina kosa: moto upo, ila umezuiwa njiani. Nao mafundi wetu huuita moto hasa, si umeme. Basi akaifuata njia kwa vidole, kutoka betri hadi kwenye solenoidi, kutoka solenoidi hadi kwenye stata, kisha akarudi kwa upande ambao wengi huusahau, waya wa ethi. Pale unapofungwa kwenye mwili wa mashine palikuwa na ukoko wa kijani, mnene kama ukoko wa wali chunguni. Msasa, spana, kidole kimoja cha grisi. Mashine ikanguruma. Stata iliyohukumiwa kufa haikuwa imeguswa hata skrubu.

Nimefikiri sana juu ya ukoko ule, ambao ni kazi ya chumvi. Wazee wa pwani ya kaskazini huiita chumvi munyu, na munyu ndio uliowalisha Wabajuni kwa karne nyingi, kwa papa na nguru wa kukausha. Chombo chao cha zamani, mtepe, hakikuuogopa. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ulivuja, ndiyo, na watu walikumba maji ngamani usiku na mchana, lakini chumvi haikupata chuma cha kula. Karne ya 20 ilipofika mtepe ulikuwa ukitoweka, na baadaye ikaja mashine yenye waya wa shaba, kichwa cha alumini na boliti za chuma. Munyu ukakaribishwa karamuni.

Kwa hiyo fundi wa mashine ni mrithi wa mshonaji wa mtepe. Mmoja alipambana na maji yanayoingia pasipotakiwa, mwingine anapambana na maji na moto visivyofika panapotakiwa. Na ufundi wake umekaa kichwani. Serikali ilipoanguka Mogadishu mwaka 1991, Wabajuni wengi walivuka mpaka kwa vyombo vyao kwenda Lamu na Mombasa, na waliobaki au kurudi walijifunza kutengeneza kwa kilichopo. Mashine kongwe inapendwa kwa sababu hiyohiyo: haina kompyuta ya kuficha siri, ina njia tu, na njia hufuatika.

Lakini kunguruma hakukumridhisha mzee. Wakati sisi tunapongezana, yeye alikuwa ameinama tezini akitafuta uzi wa maji unaopaswa kuruka kutoka ubavuni mwa mashine. Kwa lugha yake, mashine ilikuwa haikojoi. Kilichotoka kilikuwa matone, yakifuka mvuke.

"Zima!"

Akaketi. Akauliza tena swali lake la kwanza, jana ilizimwaje, na safari hii alilielekeza kwa kijana peke yake. Ikajulikana. Jana, mashua ikiwa mchangani, kijana alitaka kuhakikisha stata inafanya kazi. Akaiwasha mashine, ikapendeza, akaiacha ingurume nchi kavu.

Humo ndani ya mguu wa mashine mna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mapanga, ambalo husukuma maji ya bahari yapande kupoza injini. Maji hayohayo ndiyo mafuta yake ya kulainisha. Likizunguka pakavu, mpira huungua na kukatika kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kahawa. Ugonjwa wa joto, basi, ulizaliwa na haraka ya kuutibu ugonjwa wa stata.

Mzee alijaribu kwanza njia rahisi, kama kawaida yake. Alipitisha kipande cha mshipi kwenye tundu la maji, maana huweza kuzibwa na mchanga tu. Ukapita. Akachungulia vichujio vya chini, ambamo mwani na nailoni hukwama. Visafi. Akafungua thamostati, na hapo akanieleza jambo nililokuwa silijui. Thamostati ya gari hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu; ya mashine kama hii hufunguka karibu na nyuzi 50. Maji ya bahari yakichemshwa zaidi huacha chokaa na chumvi ndani ya kuta, kama birika la chai. Wako wanaoitupa thamostati ili mashine ipoe daima. Yeye hawaungi mkono: mashine yenye baridi haichomi mafuta sawasawa, nayo huzeeka kwa namna nyingine.

Dawa ya chokaa ni kinga, na kinga ni maji matamu. Hapo ndipo ufundi unapogusa jikoni. Kwenye visiwa vya matumbawe, visima vina chumvichumvi na maji ya mvua hutunzwa kama mahari. Mashine inataka isimamishwe ndani ya pipa la maji matamu na kuwashwa dakika kadhaa kila baada ya kazi. "Mashine yenu inakunywa kuliko wanangu," mke wa nahodha alilalamika, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Suluhisho la mzee ni pipa moja kwa mashine tatu, zikipokezana, na ya kwanza kuingia ni iliyo kongwe.

Mwishowe aliuteremsha mguu, akaitoa impela na kuiweka juu ya ubao. Kijana alikuwa ameshafungua kopo la vipuri na kushika impela mpya, tayari kuitia. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Hesabu."

Kijana akahesabu mapanga. Yanatakiwa sita. Yapo manne.

"Mawili yako wapi?"

Kijana akanyamaza. Hata mimi sikuwa nimewaza kwamba kilichokatika lazima kiwe kimekwenda mahali, na kwamba maji yalikuwa yakikisukuma juu, kwenye njia nyembamba, kikazibe huko. Impela mpya ingepandisha maji hadi pale pale yalipokwamia jana. Mzee akatwaa kipande cha waya, akakikunja ncha, akakiingiza kwenye bomba la maji taratibu. Alitoa kipande kimoja cha mpira, cheusi, kimejikunja. Cha pili kilichukua muda. Maji yalikuwa yameshatoka, mashua imeegama mchangani, safari ya siku ile imekwisha, na hakuna aliyemharakisha. Alikikuta karibu na makao ya thamostati.

Akavipanga vyote juu ya ubao, kando ya ile impela iliyoungua.

"Nne na mbili?"

"Sita, ami."

"Sasa funga."