Utepe wa Mbegu: Jinsi ya Kuutambua Ulio Bora

Gramu moja ya mbegu za karoti ina punje zinazokaribia 800. Gramu moja ya lengalenga hupita 1,000. Mkono wa mtu, hata wa mkulima mzoefu, hauwezi kugawa vitu vidogo namna hiyo kwa haki, ndiyo maana tuta la karoti lililonyunyiziwa mbegu kwa vidole huota kwa mafungu: hapa miche imebanana, pale nusu mita nzima ni tupu. Kisha huja kazi ya kupunguza, yaani kung'oa kitu ulichokinunua kwa fedha zako. Kwa mtu wa bustani anayetazamia soko la Kamina, hasara hiyo inauma. Kamina ni njia panda ya reli, mstari mmoja ukienda Lubumbashi, mwingine Ilebo, mwingine Kabalo, na mbegu za kopo zinazofika huko zimeshalipiwa safari ndefu kabla hazijagusa udongo.

Utepe wa mbegu ni ukanda wa karatasi laini, upana wa vidole viwili, uliobandikwa punje kwa nafasi zilizopimwa. Unaulaza ndani ya mfereji, unaufunika, unamwagilia. Viwandani hutengenezwa kwa mashine, kwa karatasi au kwa utando unaoyeyuka majini. Nyumbani hutengenezwa juu ya meza, kwa uji wa unga na njiti. Watu wengi huusifu utepe ulioshika mbegu kwa nguvu. Mimi nausifu ule unaojua kuziachia. Kazi yake ni kushika punje kutoka mezani hadi kwenye mfereji tu. Ukiendelea kushika baada ya maji kufika, umekuwa adui wa mbegu, na karibu kila kasoro nitakayoieleza inatokana na hilo.

Anza na mbegu yenyewe, kwa sababu hakuna karatasi wala uji unaofufua punje iliyokufa. Kabla ya kutengeneza utepe au kuununua, uliza mbegu zilijaribiwa vipi. Jaribio ni jepesi: punje 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu, kikunjwe, kiwekwe kivulini. Lengalenga hujibu ndani ya siku chache. Karoti hudai wiki moja hadi mbili. Zikiota 18, punje moja kwa kila alama inatosha. Zikiota 14, weka mbili mbili: palipo na punje mbili za namna hiyo, nafasi ya kupata angalau mche mmoja ni asilimia 91. Zikiota 10 tu, usizipotezee karatasi. Kitunguu ndicho cha kuchunguzwa zaidi, maana mbegu yake huzeeka upesi. Iliyokaa dukani kwenye joto zaidi ya mwaka siiamini mpaka niione ikiota. Mtengenezaji anayejua kazi huandika matokeo ya jaribio kwenye utepe, pamoja na jina la mboga na tarehe, na huandika kwa penseli, maana wino wa kalamu hutawanyika karatasi ikishika unyevu.

Kwa karatasi, ile ya choo ya bei rahisi, nyembamba, ya tabaka moja, inazishinda zote. Kama ina matabaka mawili, yatenganishe. Chana kipande kama kiganja, kitie ndani ya kikombe cha maji, kizungushe kwa njiti. Karatasi inayofaa husambaratika ikawa nyuzi kabla hujachoka kukoroga. Za mezani, zile za kujifutia mikono, hudanganya macho: ni laini mkononi, lakini nyingi hutiwa dawa kiwandani zisichanike zikilowa, na mzizi wa karoti ukikutana nazo hupinda. Gazeti huchelewa kuoza. Karatasi ya mfuko wa simenti nimeona watu wakiipenda kwa sababu haikatiki wakati wa kuibandika. Hiyo ndiyo sababu ya kuikataa.

Sasa uji, ambao ndio roho ya kazi hii. Unga wa muhogo haukosekani, ni huohuo unaoingia kwenye bukari, nao unafaa sana, lakini lazima upikwe. Ukiukoroga kwa maji baridi tu, hukauka ukawa vumbi jeupe na mbegu zote zikadondoka, kwa kuwa wanga haunati mpaka upate moto. Unga wa ngano ni habari nyingine. Una mnato wake wa asili, hunata hata ukikorogwa mbichi. Kwa muhogo, kijiko kimoja cha unga kwa vijiko 15 vya maji, moto mdogo, koroga mpaka weupe wa maziwa uishe na uji uanze kupenyeza mwanga. Uache upoe kabisa, kwa sababu mbegu iliyowekwa juu ya uji wa moto imepikwa. Usitie chumvi kwa nia ya kuzuia uji usichache. Chumvi hiyo itaizuia mbegu kunywa maji. Gundi ya dukani iache kwenye vitabu vya watoto.

Chukua alama moja uitazame kwa karibu. Alama nzuri haizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Punje imekaa juu yake, tumbo tu ndilo lililoshikwa. Mgongo uko wazi na ile mistari ya mbegu ya karoti unaihesabu kwa jicho. Alama mbaya imeimeza punje. Juu yake pana ngozi inayong'aa, na ukiipitisha ukucha, ukucha unateleza kana kwamba hapana kitu. Punje hiyo itachelewa kupata maji na hewa, na mche wake, ukitoka, utatoka wenzake wakiwa wameshanyoosha majani. Utepe mmoja wenye alama za aina zote mbili ni mbaya kuliko wenye alama nene tupu, maana tuta litaota kwa vipindi na hutajua upalilie lini.

Baada ya hapo geuza utepe uuelekeze kwenye mwanga. Punje zionekane kama nukta zilizopangwa. Karoti ninaitaka kila sentimita 3 hadi 5. Lengalenga la kung'oa na mizizi, sentimita 5. La kuchuma vichwa ili lichipue tena, sentimita 15 au zaidi. Kitunguu cha kukomaa papo hapo, sentimita 10. Anayepima kwa rula mwanzoni na kwa macho mwishoni hujulikana mara moja, kwa sababu nafasi hupungua kadiri uchovu unavyozidi. Kwa hiyo kagua mwisho wa utepe kabla ya mwanzo wake.

Tepe nyingi hufia kwenye kukausha. Mbegu ikilowa kwa saa nyingi hudhani imepandwa; ikianza kuamka kisha ikakaushwa, imekwisha. Saladi na kabichi huamka upesi, karoti huvumilia. Kwa hiyo uji uwe kidogo, karatasi itandazwe kivulini penye upepo, na kazi iliyoanza asubuhi isifike jioni utepe ungali na unyevu. Msimu wenyewe ni kiangazi, Mei hadi Septemba, hewa ikiwa kavu. Tepe za kutumia mvua zikianza zitengenezwe wakati huo, zisingoje mawingu. Kasoro ya kuchelewa kukauka hujionyesha kwa dalili mbili. Tazama punje kwenye ncha yake: ukiona kidoa cheupe kimechungulia kisha kimesinyaa, hiyo imekufa. Kisha unuse. Utepe mzuri hunuka karatasi. Uliochelewa kukauka hunuka uchachu.

Ukinunua kwa jirani, usione haya kuomba jaribio la mwisho: "Yaya, nikate kipande kidogo nikiloweshe?" Fundi wa kweli atakuletea maji mwenyewe. Kwanza kitikise kikavu. Hakuna punje inayopaswa kuanguka. Kizungushe kwenye kidole, alama zisipasuke. Kisha kilaze ndani ya sahani yenye maji machache, ungoje dakika chache, ukisukume kwa njiti. Karatasi ifunguke, punje ziteleze kutoka mahali pake zikiwa safi. Utepe uliofaulu jaribio la ukavu ukashindwa la maji, rudisha.

Si kila mboga inastahili taabu hii. Nyanya na kabichi zina kitalu chake, nazo hupenda kuhamishwa. Maharage na mahindi mkono unayaweza. Karoti ndiyo inayostahili kwanza, kwa kuwa haihamishiki: mzizi wake ukivunjika ncha hugawanyika miguu miwili, na mnunuzi sokoni huipita.

Utepe uliokauka uviringe kwa ulegevu, usiukunje kwa pembe, uutie ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na kipande cha kaa kavu la kunyonya unyevu. Wanga huita mende na panya, karatasi huita mchwa. Hata ardhini mchwa hawalali, ndiyo maana mpaka wa majivu kuzunguka tuta unasaidia, ila majivu yasikae juu ya mstari wenyewe, yana ukali kwa miche michanga.

Mfereji ulowe kabla ya utepe, siyo baadaye tu. Karoti hufunikwa kwa sentimita moja ya udongo mwepesi. Saladi na lengalenga kwa nusu ya hapo. Bonyeza kwa kiganja ili karatasi iguse udongo pande zote. Ukingo wowote uliochungulia juu hunyonya maji kama utambi na kuyapeleka kwenye jua, na mbegu iliyo chini yake inabaki kavu hata kama umemwagilia asubuhi na jioni.

Siku kumi na nne baadaye mstari wa karoti husomeka. Mapengo ya hapa na pale, moja moja, ni mbegu zenyewe, na jaribio la kitambaa lilishakuambia ungoje mangapi. Pengo refu lenye mwanzo na mwisho uliokatika ghafla ni mchwa au sisimizi. Miche iliyoachana vizuri mwanzoni mwa kila utepe na kubanana mwishoni ni fundi aliyechoka. Na mstari uliokuwa kimya wote, chimba kidogo: ukiikuta karatasi ingali nzima, na punje zimebanwa ndani ya ngozi inayong'aa, tatizo liko kwenye sufuria ya uji, siyo kwenye mbegu. Mahali palipotoka miche miwili, mdogo ukate kwa mkasi usawa wa udongo, usiung'oe, usije ukautikisa mzizi wa mwenzake.